Jina Lililopigiwa Chafya

Alhamisi, tarehe kumi na moja Julai. Ukungu tangu alfajiri na baridi ya kushika vidole. Ndege ya asubuhi tuliisikia ikizunguka juu ya kwetu Kapseret, karibu na uwanja wa ndege, lakini hatukuiona, mpaka ikachoka ikaenda zake. Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana, ile ya polepole inayolowesha bila kelele.

Sina hakika kama mimi ndiye mtu wa kuandika haya. Shule niliachia darasa la saba, na jambo lenyewe ni la wanawake. Mwanaume kwetu hukaa nje. Kwa hivyo mengine niliyaona na mengine niliambiwa, na nitajaribu kusema ni yapi, ili mtu asije akanilaumu.

Kwetu mtu hupewa jina mara mbili. La kwanza ni la nje, linatokana na hali ya siku aliyozaliwa: mvua, jua kali, wageni wakiwa mlangoni. Hilo ndilo linaingia kwa kitambulisho pamoja na la ubatizo. La pili ni la ndani. Wanawake wazee hukaa na mtoto mchanga, wakamwekea ugoro kidogo puani, wakataja watu wetu waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Yule anayepigiwa chafya ndiye amerudi kumsimamia mtoto, na jina lake la ndani linakuwa la mtoto. Kuna watu wa kanisa letu hawapendi mambo hayo. Wengine wanafanya, na Jumapili wako kwaya kama kawaida. Mimi sihukumu upande wowote. Mimi mwenyewe niliitwa hivyo na pia nikabatizwa, na sijaona majina yangu yakigombana.

Mjukuu wangu alizaliwa tukiwa tunapalilia mahindi mara ya pili. Mvulana, mtoto wa kwanza wa kijana wangu. Tulifurahi, kisha tukaanza kuangaliana, kwa sababu ya Kogo.

Kogo ni shangazi yangu, dada ya marehemu baba. Neno hilo kwetu ni bibi, na kwa vile watoto wote wanamwita hivyo, mimi pia nimezoea. Yeye ndiye mwenye majina. Alikuwa akitaja watu wa ukoo wetu kama mtu anayehesabu kuku wake wakiingia jioni, huku akijua nani amechelewa. Wenzake wa rika lake walishaenda. Hakuna aliyejifunza kutoka kwake, na siwezi kusema ni uvivu. Majina hayo hayatajwi ovyo. Huwezi kukaa unapura maharagwe na unayataja. Yanatajwa siku ya mtoto, basi, na kila siku ya mtoto tulikuwa na Kogo.

Kabla ya Pasaka alianguka jikoni. Hospitali walisema ni mshipa wa kichwa. Upande wa kulia ulilala, na mdomo nao. Anaelewa kila kitu, hilo naliona machoni, lakini anachotoa ni sauti tu, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Daktari alitwambia kwa upole kwamba tusipange mambo ya Krismasi na yeye.

Siku ya mtoto ilipofika, mke wangu na mama wawili wa jirani walijaribu wenyewe. Nilikuwa nje, nimekaa kwa ndoo iliyopinduliwa karibu na zizi la ndama. Walitaja wale waliowakumbuka kutoka siku za watoto wa zamani. Nilisikia mtoto akilia, akanyamaza. Nilingoja vigelegele. Kwetu mvulana akishika jina wanawake hupiga vinne, na msichana vitatu, kwa hivyo mwanaume aliye nje anajua mambo yamekwisha. Havikuja. Mke wangu alitoka akijifuta mikono na leso.

"Amelala," akasema.

"Amelala na jina?"

"Amelala tu. Amekataa wote."

"Wote kina nani?"

"Wote tunaowajua, Mzee. Kuna mmoja hatumjui."

Nilijua anayemsema. Baba ya babu yangu aliingia na ng'ombe wake kwa shamba la kaburu upande wa Moiben, enzi zile makaburu wamefika na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Alifia huko. Jina lake la nje tunalo, maana babu yangu alilibeba tangu atoke jandoni hadi akafa nalo. La ndani alilijua Kogo peke yake. Huwa anaanza na marehemu wa karibu akienda mbali, na watoto wetu wote walipiga chafya kabla hajafika kwa huyo mzee. Mara moja, wakati wa binti yangu wa mwisho, wanawake walimsikia akicheka, akasema, "Yule wa kaburu bado yuko kwa foleni."

Mke wangu alienda kitandani akamuuliza, "Kogo, ni yule wa kaburu?" Hii niliiona mwenyewe kutoka mlangoni. Mkono wa kushoto ulipiga godoro, na ile sauti ikatoka, ndefu, ikapanda, ikashuka. Alitaja. Sote tulijua ametaja. Hakuna aliyeshika hata kipande.

Tulijaribu njia zingine. Kijana wangu alimletea herufi kwa simu, aonyeshe kwa kidole. Kogo aliiangalia simu, akamwangalia kijana, akafunga macho. Hakuenda shule hata siku moja. Mke wangu alijaribu kukisia, lakini mama mmoja akamwambia aache: ukikisia unaweza kuita marehemu wa ukoo mwingine, akaja, na utamrudisha vipi? Tukaacha.

"Akienda nalo," mke wangu alisema, "huyo mzee harudi tena kwa nyumba yoyote. Na huyu mtoto atalelewa mlangoni, bila wa kumsimamia."

Nikasema nitalitafuta. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nafikiri nilichoka kukaa kwa ndoo.

Mjini Eldoret kuna mwalimu mstaafu mwenye duka la fotokopi ghorofani, juu ya wauza vipuri. Alikuja kufundisha huku akiwa kijana, kutoka upande wa ziwa, akabaki. Nyuma ya mashine zake ana chumba cha mambo ya zamani ya mji huu na mashamba yake: ramani, picha, na nakala za karatasi walizoandika walowezi wa kwanza, nyingine zimetumwa na wajukuu wao kutoka mbali. Jirani mmoja ndiye aliyeniambia. Nilienda Jumatatu baada ya kukamua.

Mwalimu aliniangalia kuanzia miguuni. "Karibu, Mzee. Wanaokuja hapa kutafuta babu zao wengi ni wazungu na kamera shingoni. Wewe ndiye wa kwanza kuja na gambuti."

"Kuna matope kwetu, Mwalimu."

"Hata babu zao walikuja na matope. Kaa. Unatafuta nani?"

Nikamweleza shamba, na jina la nje la baba ya babu. Sikumwambia yote mara moja. Niliona haya kidogo kusema nimetoka Kapseret mpaka mjini kwa sababu mtoto hajapiga chafya.

Alitandika ramani mezani. Mashamba yote yana nambari, na chini ya nambari jina la mwenyewe. Mji wenyewe ulikuwa shamba la sitini na nne, ndiyo maana wazee mpaka leo wanauita Sisibo, kutoka Kiingereza 'sixty-four'. Tulifuata kwa kidole kuelekea Moiben mpaka tukafika. Kaburu yupo, jina lake limeandikwa vizuri. Nilitazama hiyo nambari muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Hatukuwa kwenye hiyo ramani, lakini ramani ilikuwa ya mipaka, si ya watu, na hilo nalielewa. Na kabla yetu pia walikuwepo wengine waliochimba yale mashimo ya zamani ya kufungia ng'ombe ambayo bado yanaonekana huku, na hao nao hawamo. Kwa hivyo sisemi sisi ndio wa kwanza kusahauliwa.

"Una bahati," Mwalimu alisema. "Huyu wako aliandika. Yaani alisimulia uzeeni, mjukuu akapiga taipu."

Akaanza kunisomea, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili mstari kwa mstari. Kaburu alieleza jinsi walivyopanda na magari kwenye utelezi, mbao zikawekwa chini ya magurudumu, watoto wakilia kwa baridi. Sikutegemea kumhurumia, lakini nilimhurumia. Halafu akataja ng'ombe wake wa kukokota, wawili wawili kuanzia wa mbele, kila mmoja kwa jina lake, na tabia yake, na mahali alipofia. Ukurasa mzima.

"Na watu?" nikauliza.

Mwalimu alipitisha kidole, akageuza karatasi, akageuza nyingine. "Kuna 'mpishi.' Kuna 'boi wa maziwa.' Kuna 'mzee wa ndama.'" Akasimama hapo. "Huyu amemwandikia kidogo. Anasema huyo mzee alikuwa akilala na ndama wakati wa baridi ili wasife. Kisha akafa yeye. Anasema siku hiyo aliamuru mashine ya kutenga krimu isizungushwe, maana ilikuwa na kelele, na watu walikuwa wanaomboleza karibu."

"Jina?"

"Hapana. Mzee wa ndama tu."

Huenda ndiye, huenda siye. Shamba kama lile lilikuwa na wazee wengi, na ndama walikuwa wengi. Baba alizoea kusema kwamba mkono wetu ni wa kulea ndama, lakini hata jirani yangu husema hivyo juu ya mkono wake. Sitaki kujitwalia marehemu wa mtu kwa sababu tu nimemhitaji.

Ndipo nikamwambia Mwalimu ukweli, habari ya mtoto, na ugoro, na Kogo. Hakucheka. Alivua miwani.

"Kwetu pia," akasema. "Mtoto akilia bila kunyamaza, wazee wanataja majina mpaka anyamaze. Mimi mwenyewe nilinyamazia jina la mjomba wa baba yangu, na nasikia alikuwa mlevi." Akafuta miwani kwa shati. "Lakini nikuulize, Mzee, unisamehe. Hilo jina la ndani, baba ya babu yako angemwambia kaburu?"

Nikatazama gambuti zangu.

"Au hata karani wa kipande, yule wa kuandikisha wafanyakazi?" akaongeza, polepole, kama anayejuta kuuliza.

Hapana. Asingemwambia. Hata mimi, mke wangu alilijua langu baada ya mtoto wa pili, na alilisikia kwa Kogo. Hilo jina haliambiwi tajiri, haliambiwi karani, haliandikwi. Hata kama kaburu angeandika watu wake wote kama alivyoandika ng'ombe, bado nisingelikuta pale. Jambo hilo nililijua tangu utoto, na bado nilivaa gambuti nikaenda mjini kulitafuta kwa karatasi. Sijui niseme nini juu ya mtu wa namna hiyo. Nafikiri niliona karatasi ni nyingi nikadhani haziwezi kukosa kila kitu.

Mwalimu alinipa nakala ya ule ukurasa wa mzee wa ndama, akaiweka kwa nailoni kwa sababu ya mvua. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Sina lawama naye hata moja.

Nyumbani mke wangu alikuwa anachagua mboga. Nikamsimulia yote, nikifuata mpangilio, bila kuruka pale nilipoonekana mjinga.

"Kwa hivyo ng'ombe wanajulikana," akasema.

"Wote."

"Basi tumwite mtoto mmoja wao, yaishe."

"Ukimwita ng'ombe wa kaburu atakuwa wa kukokota maisha yake yote."

"Si afadhali? Baba yake hata kuchota maji hajui."

Kijana wangu alikuwa hapo, anapiga pasi shati la kazi, akasema, "Mimi nipo, Mama." Tukacheka wote.

Baadaye mke wangu akasema, kama aliyekuwa akilitafuna jambo hilo tangu mwanzo, "Hakuzungusha mashine."

"Ndivyo alivyosimulia."

"Hiyo ni heshima."

"Ni heshima."

"Lakini si jina."

"Si jina," nikasema.

Nilienda kumweleza Kogo pia. Niliona ni haki yake kujua. Nikamwambia habari ya ndama na mashine. Jicho lake la kushoto lilitoa chozi, lakini hilo jicho hutoa chozi siku hizi hata kwa upepo, kwa hivyo sitalitia maana. Kisha ile sauti ikatoka tena, ndefu, ikapanda, ikashuka. Nikainama mpaka sikio likagusa mdomo wake. Nilisikia pumzi na mate. Nikamwambia, "Ndiyo, Kogo." Akageuza uso ukutani. Nafikiri alijua nimesema ndiyo kwa kitu ambacho sikukisikia.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jana Kogo alikataa uji, na leo asubuhi pia. Mke wangu hakuniuliza kitu. Mvua ilipoanza aliwaita wale mama wawili, akamwambia mkamwana wetu amlete mtoto, na mimi nikachukua ndoo yangu nikaenda kukaa chini ya kipaa cha zizi.

Yanayofuata niliambiwa. Hawakutaja mtu yeyote. Mke wangu alisema kwa kuwa sisi hatujui kutaja, tumwachie anayejua. Walimfungua mtoto blanketi wakamlaza kifuani kwa Kogo, uso kwa uso, wakamwekea ugoro kiasi cha ncha ya kucha, wakanyamaza. Kogo alimwangalia. Akakusanya pumzi kwa muda. Kisha akatoa ile sauti yake, na kabla haijashuka mtoto akapiga chafya.

Hapa narudi kwa niliyosikia mwenyewe. Nilisikia kigelegele cha kwanza, na ng'ombe wakainua vichwa. Nilisikia cha pili. Nikasimama, nikavua kofia, sijui kwa nini. Cha tatu kilianza kikakatika katikati, kama mtu aliyekumbuka kitu. Kisha ikabaki mvua tu kwa mabati.

Nilingoja. Mwisho nikaenda mlangoni, jambo ambalo halifanywi, na hakuna aliyenikataza. Wanawake walikuwa wamesimama wakiangaliana. Baada ya vigelegele jina hurudiwa na wote, kwa sauti, ili limkae mtoto. Walikuwa wamefungua midomo kurudia, hawakuwa na la kurudia.

"Kogo, tena," mke wangu alikuwa anasema. "Mama yangu, mara moja tu. Tena."

Kogo alikuwa amefunga macho. Mkono wake mzuri ulikuwa mgongoni mwa mtoto, unampigapiga, tap, tap, na uso wake, ule upande unaosogea, ulikuwa na utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. Kwa upande wake, alikuwa ametaja na mtoto ameitika. Hakuona sababu ya kutaja tena.

"Ni ugoro tu, Mama," mkamwana wetu alisema, kwa sauti ndogo. Yeye ni mtu wa kanisa sana, na ni mtoto wake, ana haki ya kusema.

"Siku ile ugoro ulikuwepo pia," mke wangu akajibu. "Mbona alilala?"

"Leo pia kuna baridi. Labda ni mafua."

Inawezekana ni ugoro. Inawezekana ni mafua. Nimeyaandika yote mawili kwa sababu yamesemwa. Kijana wangu aliporudi kazini na kusikia, alisema, "Si mngerekodi na simu?" Mama yake akamwambia, "Ungekuja urekodi wewe," na akatoka nje kidogo akasimama kwenye mvua bila leso.

Kwa hivyo huyo mzee amerudi, kama amerudi. Yuko ndani ya nyumba yangu, amelala kwa blanketi la manjano, ana jina lake, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumwita. Anayeweza hawezi kusema. Nilimshika kidogo jioni, huyo mtoto. Nikajaribu kuiga ile sauti, ikipanda, ikishuka, nikiwa nimegeukia ukuta ili watu wasinione. Aliniangalia tu, kama unavyomwangalia mgeni aliyekosea mlango. Mke wangu aliniona. Alisema, "Mlete hapa, chakula kiko tayari."

Jioni tulikula ugali na mboga ya managu iliyotiwa maziwa, na mursik, maziwa yetu ya mgando, ya kibuyu cha mwisho. Kogo alikubali uji vijiko vichache, akalala.